Jina Langu Kwenye Msaragambo

Alhamisi, tarehe saba Machi. Joto tangu alfajiri hapa Same, upepo wa vumbi unagonga mabati, na mawingu yamekaa juu ya milima nyuma ya mji kama yanavyokaa kila mwaka wakati huu, lakini hayashuki. Nilikuwa nachambua mchele simu ilipoita. Alikuwa Neema, binti wa Elisante Kajiru. "Shikamoo shangazi," akasema. Nikaitikia, nikamuuliza kwema, akasema si kwema, baba amefariki, atazikwa Chome Jumamosi. Huyo baba yake ndiye aliyekuwa Katibu wa kituo cha afya nilichofanyia kazi nikiwa msichana, na enzi zile za ujamaa tulimwita Ndugu Katibu hata tulipokuwa tunamsengenya. Neema anaomba nisimame makaburini niseme machache kwa niaba ya waliofanya kazi naye, kwa kuwa wenzangu wote wameshatangulia. "Baba alikuwa anakutaja sana," akaniambia. "Alisema hajapata kuwa na mwanafunzi kama wewe." Nikamwambia nitafikiria. Nilirudi kwenye ungo wangu, nikajikuta nachambua mchele ambao nimeshauchambua.

Naandika shajara tangu nilipojifunza kuandika, maandishi ya mtu wa darasa la saba, yenye kufutwafutwa. Lakini mwaka ule niliofanya kazi na Ndugu Katibu sijapata kuuandika sawasawa. Kila nikianza naona namwonea, kisha naona najihurumia mno, nafunga daftari nakwenda kulisha kuku. Leo nitajaribu kuweka kila jambo mahali pake, na penye haki yake nitampa, maana amekufa na hawezi kunijibu.

Kituo chetu kilikuwa na majengo machache yaliyopakwa chokaa, na ofisi ya Katibu ilikuwa katikati ya stoo ya dawa na jiko. Ukikaa upande wa dirisha ulisikia harufu ya dawa ya vidonda, ukikaa upande wa mlango ulisikia ya uji na moshi wa kuni. Mimi nilikuwa karani wa mapokezi, kazi yangu kuandika wagonjwa na kuwaita majina. Siku moja Ndugu Katibu alisimama nyuma yangu kwa muda mrefu bila mimi kujua, kisha akauliza, "Nani kakwambia uwapange hivi?" Nilishtuka. Nilikuwa nimewatanguliza watu wa milimani, wa mjini wakabaki nyuma wananuna. Nikasema, "Hakuna aliyeniambia, Ndugu Katibu. Wa milimani wakikosa lori la kurudi wanalala barazani kwetu." Kesho yake akaniita ofisini, akanipa kiti, akaniuliza kama nimewahi kufikiri kwamba kuendesha hospitali ni kazi ya kusomewa kama uganga unavyosomewa. Nikasema sijawahi. Nilidhani hospitali inajiendesha.

Naweza kusema bila kumpendelea kwamba alikuwa mwalimu. Aliniambia, "Mganga anamtibu mtu aliyelala mbele yake. Sisi tunamtibu yule ambaye bado hajafika. Sisi ndio tunaojua kama sindano zipo, kama kuni zipo, kama dereva kalewa." Kila asubuhi alinichukua tukazunguke kituo kizima, na alinikataza kuanza wodini. Wodini, alisema, watakuonyesha mashuka. Anza jikoni. Jikoni alikuwa mpishi mmoja Mnyaturu, Ntandu, aliyekuja Upare kukata mkonge akaishia kwenye masufuria ya serikali. Akituona tu anapaza sauti, "Karibu Mama Wilaya! Onja uji kabla hujaniandikia onyo." Ndugu Katibu humjibu, "Ntandu, huyu siku moja atakuwa bosi wako, na wewe utarudi mkongeni." Na Ntandu, bila kugeuka, "Heri mkonge, una miiba lakini hauna mikutano." Kutoka jikoni tulikwenda stoo, kutoka stoo kwenye jokofu la mafuta ya taa lililotunza chanjo. Pale alikuwa mkali. Chanjo iliyopata joto, alisema, haibadiliki rangi wala harufu, inakuwa maji matupu, na mama amepanda na kushuka mlima na mtoto mgongoni kwa ajili ya maji matupu. Nilianza kuamka kabla ya jogoo kwa hamu ya kazi. Nilikuwa sijapata kupenda kitu namna ile, na labda nilipenda pia jinsi alivyosema "sisi".

Ndipo ikaja habari ya masomo. Kulikuwa na nafasi moja ya wilaya, mafunzo ya uongozi wa huduma za afya, na atakayekwenda angerudi kuwa Katibu wa kituo, mwenye ofisi na saini. Ndugu Katibu alifunga mlango akaniambia atapeleka jina langu. "Ila watanicheka," akasema. "Msichana, darasa la saba. Lazima niwe na cha kuwaonyesha." Cha kuonyesha kilikuwa zahanati. Watu wa kitongoji chao kule Chome, alikozaliwa yeye, walikuwa wanawashusha wagonjwa kwa machela hadi barabarani, na wengine hawakufika. Wananchi wangejenga wenyewe kwa nguvu zao, serikali ingeleta mganga msaidizi, jokofu na dawa. Mimi ningepanda nikasimamie ujenzi, nilale kwa mama yake. "Ukisimamisha jengo lile," aliniambia, "nani atasema huna uwezo?" Nilirudi kwenye meza yangu ya mapokezi nikaita jina la mgonjwa mmoja mara mbili, naye alikuwa amesimama mbele yangu.

Mimi ni wa Kileo, tambarare, nimezoea joto na mashamba ya bondeni. Chome baridi iliniingia kwenye meno. Landrova la kituo lilipanda hadi barabara ilipokataa, kisha nikatembea kati ya migomba na kahawa huku ukungu wa msitu wa Shengena ukinishukia begani kama nguo mbichi. Mama yake Ndugu Katibu, ambaye nilimwita Bibi tangu siku ya kwanza, alinipa chumba alicholala mwanawe alipokuwa mwanafunzi. Kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha dogo la ubao, na ukutani msumari mmoja ambao Bibi alisema Elisante alikuwa anautundikia shati lake la shule na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuutumia. Mimi niliutumia. Bibi aliona, akatabasamu. Chakula chake kilikuwa makande ya mahindi na maharage yaliyochemka tangu asubuhi, au ndizi zilizopondwa, na chai ya tangawizi kali mpaka machozi. Alikuwa mtu wa kanisani, wa maneno machache, mwenye kukutazama mikono unapokula ili ajue kama umeshiba.

Upareni kazi ya pamoja inaitwa msaragambo, na kila Mpare anaijua, hata wa mjini. Mfereji ukiziba, njia ikibomoka, watu wanaitwa, na asiyefika bila sababu wanaokwenda kazini wanapita kwake jioni wanachukua kitu: jembe, kuku, hata mbuzi. Hayo niliyajua. Nilichokuwa sikijui ni namna wito wenyewe unavyofanywa katika kitongoji kile. Mwitaji alikuwa Mzee Mbwambo, mwembamba, mwenye sauti isiyofanana na mwili wake. Jioni anasimama kwenye ukingo wa mlima, anaita kwa Kipare, maneno marefu ya kuvutwa, na kutoka kwenye mabonde watu wanamrudishia swali: neno la nani? Naye lazima ataje jina. Kabla sijapanda, Ndugu Katibu alikuwa ameniambia jambo hilo kama mtu anayetoa zawadi. "Wakiuliza neno la nani, usiseme la Kajiru. Waambie wataje jina lako. Nataka wakuzoee, maana wewe ndiye utakuwa mkubwa wao." Nilifurahi hadi nikaona haya.

Usiku wa kuamkia siku ya wito nilimweleza Bibi tukiwa tunakula. Kijiko chake kilisimama hewani. "Elisante mwenyewe kasema litajwe lako?"

"Ndiyo, Bibi."

"Si lake?"

"Kasema langu, ili wanizoee."

Alikula kidogo, akaweka bakuli chini. "Haya," akasema. "Yeye anayajua ya kwetu." Nilidhani ananisifia mwanawe. Miaka yote hii najiuliza kama pale alikuwa ananionya au anajituliza mwenyewe, na sijapata jibu. Kesho yake jioni Mzee Mbwambo aliita, mabonde yakauliza, naye akataja jina langu kwa ile sauti yake, Namkunda, likapita juu ya migomba likarudi kutoka ng'ambo. Sijawahi kusikia jina langu likiwa kubwa vile.

Walikuja. Sitaeleza kila siku ya ujenzi, ila walikuja, wanaume wakipasua mawe, wanawake wakipandisha mchanga kutoka mtoni kwenye ndoo, watoto wa shule wakipokezana matofali. Nilipanga zamu nilivyofundishwa: wenye kahawa ya kuchuma wapumzike wiki hii, wenye wagonjwa nyumbani wabebe maji tu. Mwanzoni walininong'ona, msichana wa tambarare anatupangia. Mwanamke mmoja, Mama Yunisi, alikuwa na ulimi. "Wewe binti wa Kileo, unavyoshika jiwe utadhani yai!" Baadaye alikuwa ananiletea miwa. Siku moja mwalimu wa shule hakutokea wala hakutuma neno, jioni wakampitia wakachukua mbuzi wake, naye akatoka mlangoni akawasaidia kumfungua kamba. Hakuna aliyekasirika. Mbuzi alichinjwa palepale kwenye jengo, tukala, mwalimu naye akala. Nilicheka sana siku ile. Nikaona ni watu wenye utaratibu mzuri.

Kuta zilipofika kimo cha paa nilishuka Same kufuatilia mabati na misumari. Ilikuwa Jumapili, Ndugu Katibu akaniambia nipite kwake nile, kuna mgeni wa chama. Nilimkuta mkewe, Mama Neema, jikoni, mjamzito wa huyo huyo Neema aliyenipigia simu leo, nikajifunga kanga nikamsaidia kukuna nazi. Kulikuwa na wali, nyama ya mbuzi yenye mchuzi mwekundu, mchicha. Nyumba za kituo zilijengwa kwa haraka, ukuta kati ya jiko na sebule haukufika juu, na sauti zilikuwa zinapita pale kama moshi. Mgeni aliuliza, "Na wale wako wa juu?"

"Wamefika kwenye paa," Ndugu Katibu akasema. "Wataezeka. Hawawezi kuacha kazi katikati, mimi nimezaliwa kule."

"Halafu wakitaka mganga?"

"Mganga na jokofu vinakwenda kijiji kipya cha bondeni. Hilo tulishamaliza kabla hata ya msingi."

"Watakuja kukufokea."

"Mimi? Watamfokea aliyewaita. Jina lililoitwa mlimani si langu, ni la yule binti. Kule kwetu ndilo linalohesabika."

Mgeni alicheka, kicheko cha mtu aliyeshiba kabla ya kula. Akauliza, "Na si ulisema unampeleka masomoni?" Ndugu Katibu akasema nafasi imeshachukuliwa na kijana mmoja wa kidato cha nne, jina lilikwisha kwenda siku nyingi. "Binti ni mzuri, ana akili. Lakini darasa la saba, ndugu yangu. Atabaki kunisaidia." Mama Neema alianza kugonga mwiko kwenye sufuria ambalo halikuwa na kitu. Hakunitazama. Sijui kama alikuwa ananihurumia au anamfichia mumewe, na sitamhukumu, alikuwa na mimba na nyumba ilikuwa ya kazi. Nilikuwa na nazi mkononi, niliendelea kuikuna hadi nikafika kwenye kifuu, chembe nyeusi zikaingia kwenye tui, ikabidi tulichuje upya.

Chakula kilipokuwa tayari mimi ndiye niliyeingia na birika na beseni la kunawa. Nilimnawisha mgeni, kisha nikamnawisha yeye. Aliinua mikono kwa utaratibu, vidole vyake virefu vya mtu wa kalamu, akaniambia, "Asante, mwanangu." Hilo neno ndilo lililonikaa. Hakulisema kwa ubaya. Nadhani alilimaanisha. Nikarudi jikoni nikala, nyama ilikuwa tamu, na hilo pia limenisumbua miaka mingi, kwamba nilikula.

Asubuhi yake nilikwenda ofisini kwake. Nilitaka aseme sikusikia vizuri. Ningemwamini. Nikamwambia, "Ndugu Katibu, jana nilikuwa jikoni." Akaweka kalamu chini, akainuka akafunga mlango kama siku ile ya habari njema. Hakukana, na hilo nampa. Akanieleza bondeni kulivyo: watu wamehamishwa kutoka kila upande, maji ya shida, surua imeingia, wanazika watoto. Mganga msaidizi aliyepatikana ni mmoja, jokofu ni moja. "Nimekufundisha mwaka mzima," akasema. "Ungekuwa kwenye kiti hiki ungepeleka wapi?"

Nilifikiri kwa haki. Nikasema, "Bondeni."

"Basi."

"Lakini ningewaambia wa juu."

"Ungewaambia wasingejenga. Sasa wana jengo. Siku serikali ikipata mganga mwingine, watakuwa mbele ya wenzao. Uongozi ndio huo, Namkunda, si uji wa Ntandu."

"Na jina langu je?"

Alitazama dirishani. "Wewe si wa kule. Utaondoka, watasahau. Mimi nina mama pale, nina kaburi la baba pale. Siwezi kwenda kuzikwa kwa watu ninaodaiwa neno." Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama mtu anayemwelezea mwenzake jambo ambalo wote wawili wanalielewa. Nikauliza habari ya masomo. Mwakani, akasema, mwakani kuna nafasi nyingine, nikae kimya tu hadi waezeke. Nikipanda kuwatibulia watu kazi, basi nisitegemee jina langu litoke tena kwenye ofisi ile. Sikulia. Nilitoka nikapita jikoni kwa mazoea, Ntandu akasema, "Mama Wilaya, mbona leo hukuonja?" nikaonja, uji ulikuwa umeungua kidogo, nikamwambia ni mzuri.

Nimekaa na jambo hili maisha yangu yote na bado sijui jinsi ya kulipima. Watoto wa bondeni walipata chanjo. Nilipita kijiji kile miaka ya baadaye nikawaona wakubwa, wanacheza mpira, na nikasema moyoni, kati ya hao wapo walio hai kwa saini yake. Hilo ni kweli, na hata angeniuliza leo ningemjibu vilevile, bondeni. Kinachonichoma ni kwamba alikuwa amenifundisha kumfikiria yule ambaye bado hajafika, kumbe mimi nilikuwa nimeshafika na hakunifikiria. Alijua kwao jina likiitwa linabeba nini. Mimi sikujua, naye akalitumia lile nisilolijua. Angeweza kuniomba. Nadhani, na labda najidanganya, angenieleza kwamba anataka niwe ngao yake, ningekubali, kwa jinsi nilivyompenda kama mzazi. Sikupewa nafasi ya kukubali. Mwakani haikuja. Niliondoka kituoni mwaka uleule, nikawa mpima uzito kwenye shamba la mkonge, kisha duka la ushirika, na nimeishi vizuri, sina manung'uniko ya njaa. Ila hadi leo nikiingia hospitali yoyote kusubiri daktari, macho yangu yanatafuta jiko liko wapi.

Mchana wa leo nimempigia Neema. Nikamwambia nitakuja Chome Jumamosi Mungu akipenda, nitakaa na akina mama, lakini kusema sitasema. Akauliza, "Shangazi, kuna neno baina yako na baba?" Nikamjibu lipo, na kwamba baba yake alinifundisha kazi vizuri, na yote mawili ni kweli. Kisha akasema, "Mama naye alikataa kusema." Sikujua hilo.

Basi narudi kwenye habari ile, maana sijaimaliza. Nilipanda Chome siku ya tatu baada ya kukutana na Ndugu Katibu ofisini. Sikuwa shujaa, naomba nisieleweke hivyo. Nilikwenda kwa sababu sikuweza kuvumilia kukaa nikisubiri waje kuniuliza. Niliwakuta wamepumzika mchana kwenye kivuli cha kuta zao, wanakula viazi, mbao za paa zimelazwa kwenye majani tayari. Mama Yunisi akanipigia kelele, "Mabati yako wapi, bibi harusi?" Nikasimama nikawaambia. Niliwaambia kila kitu kama nilivyosikia: mganga hatakuja, jokofu halitakuja, liliamuliwa kabla ya msingi, na mimi sikujua. Sikumtaja aliyeamua. Nilisema "ofisi". Mzee mmoja aliweka kiazi chake chini polepole kama kinaweza kuvunjika.

Mzee Mbwambo ndiye aliyesema. "Asiyefika kwenye msaragambo tunakwenda kwake tunachukua. Aliyewaita watu kwa neno tupu, huyo amekosa kazi ya watu wote." Mmoja wa vijana akasema, "Mzee, huyu katumwa." Mama Yunisi naye akasema, "Ana nini cha kuchukuliwa? Hana hata kuku, kanga yenyewe imechanika!" Wengine wakacheka kidogo, kicheko cha kunisaidia. Mzee hakucheka. "Niliita jina gani mlimani?" akauliza. Waliinamia viazi vyao. "Nauliza, niliita jina gani?" Ikabidi wajibu, na walijibu kwa masikitiko, jina langu. "Basi ni lake. Mkianza leo kusema katumwa, kesho kila mwitaji atakuwa katumwa." Na mimi pale niliposimama nilimwona ana haki. Nilitafuta kichwani nina nini cha kutoa. Nilikuwa na viatu.

Bibi alikuja kutoka upande wa migomba. Sijui nani alimpelekea habari. Alikuwa anavuta mbuzi jike wake, yule wa maziwa, aliyeitwa kwa jina na kulala karibu na jiko. Alimfunga kwenye mbao za paa, akafunga fundo mara mbili. Mzee Mbwambo akavua kofia. "Mama Elisante, wewe hatukukutaja."

"Najitaja mwenyewe."

"Jina lililoitwa ni la binti."

"Binti ni mgeni, alilala kwangu, alikula kwangu, na mimi nilisikia neno lile kabla hamjaitwa nikanyamaza." Alikuwa anahema kwa sababu ya mteremko. "Aliyelituma nimemzaa mimi. Ni Elisante. Andikeni hivyo kwenye vichwa vyenu. Ni Elisante Kajiru." Alilisema jina zima la mwanawe mbele ya watu, kwa sauti ya kawaida, kisha akakaa kwenye jiwe akafuta uso kwa ncha ya kitambaa. Mzee Mbwambo aliirudisha kofia kichwani. Halafu akawaambia vijana wamchukue mbuzi.

Waliezeka. Wiki zilizofuata waliezeka kwa nyasi, si kwa mabati, kwa sababu kuta walizozijenga hawakutaka zinyeshewe. Jengo likawa ghala la mahindi, kisha darasa, na mganga alikuja baada ya miaka mingi, mimi nikiwa sipo. Nasikia sasa pana bango la zahanati, na ndani ya wasifu atakaosomewa Ndugu Katibu Jumamosi watasema aliijenga yeye.

Jioni ile mbuzi alichinjwa kwenye jengo. Harufu ilitufikia nyumbani. Giza lilipoanza kuingia, Mama Yunisi alikuja na jani la mgomba lenye ini na kipande cha paja, fungu la heshima la nyumba iliyotoa. Aliliweka kwenye kigoda, akanigusa bega, akaenda. Bibi alilitazama, akaniambia nilipeleke kwa jirani mwenye watoto kabla halijapoa. Niliporudi alikuwa ameshapakua. Tulikula makande yaliyobaki tangu mchana, yamekauka kidogo, bila maziwa.